Mafuta ya Afande

Siku askari mwanamke alipoingia kwa mara ya kwanza katika duka la fundi wa kutengeneza cherehani, kichochoro kizima kilinyamaza. Muuza vitambaa wa mlango wa pili alikumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa wa kumjulia hali. Mshona viatu aliyekaa barazani aliinamisha kichwa, akaanza kushona soli aliyokwisha kuishona. Fundi mwenyewe alikuwa chini ya meza ya cherehani ya kukanyaga akikaza mkanda, kwa hiyo alichokiona kwanza ni viatu: vyeusi, vya kamba, vimepigwa dawa mpaka ungeweza kujitazama meno. Alitoka kwa pupa, akajigonga utosi.

"Mimi sijafanya kitu," alisema, kabla hata ya salamu.

"Bado," askari alijibu. "Una mafuta ya cherehani?"

Alikuwa mwanamke wa rika lake, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuitikiwa. Alieleza shida yake akiwa amesimama wima kama anayetoa ripoti. Amekabidhiwa ghala la silaha katika kituo kikubwa cha polisi cha mji ule. Mafuta rasmi ya kutunzia bastola yamekwisha, na hakuna ajuaye mengine yatakuja lini. Aliyemtangulia, kwa kukosa, alikuwa akitumia mafuta ya kupikia, na sasa bastola zinanata kama vidole vya mtoto aliyelamba asali.

"Nataka mafuta yasiyokauka," alisema. "Yasitiririke yakaniacha, yasikusanye takataka, na yasijiingize yasikohitajika."

"Dada, unatafuta mafuta au unatafuta mume?"

Maneno yalimponyoka fundi kabla hajayapima. Aliomba ardhi ipasuke. Askari alimtazama kwa muda, uso mkavu, kisha pembe moja ya mdomo ikamsaliti, akacheka. Barazani, mshona viatu alishusha pumzi.

Fundi huyu alikuwa mtu mwenye aibu. Mama yake alishakata tamaa ya kuona mkwe, na shangazi zake walikuwa wakimtania kwamba ataoa cherehani. Mtu akimtazama sana machoni, yeye hutazama bisibisi. Lakini kwa mafuta alikuwa na mengi ya kusema, na yule askari alikuwa na mengi ya kuuliza, na hivyo ndivyo mambo yalivyoanza.

Siku ya pili askari alikuja na misumari mipya imefungwa katika gazeti. Alitaka wajaribu, si wabishane. Waliipanga kwenye kizingiti cha dirisha la nyuma, mahali ambapo mvua hurashia na vumbi la barabara hutua. Mmoja waliuacha mtupu. Mwingine waliupaka mafuta ya cherehani, mepesi, meupe kama maji. Mwingine oili ya gari, mwingine grisi, mwingine mafuta ya mgando ya kujipaka mwilini, na wa mwisho mafuta ya kupikia, "ili tuone aibu ya mwenzangu," alisema. Kisha akawa anakuja kila wiki kuitazama. Wako waliopendana kwa barua, wako waliopendana kwa kukaa darasa moja. Hawa walipendana kwa misumari. Waliinama pamoja dirishani, vichwa vikigusana, wakibishana kama lile doa ni kutu au ni uchafu.

Msumari mtupu ulishika kutu upesi. Wenye mafuta ya kupikia ulivaa ngozi ya manjano, ngumu kuibandua hata kwa ukucha. Mafuta ya mgando yalizoa vumbi mpaka msumari ukaonekana kama kiwavi. Oili ya gari ilivumilia, ila nayo ilikusanya mchanga. Mafuta ya cherehani yalibaki safi, lakini jua lilipokaza yalitoweka, na grisi ililinda vizuri kuliko yote, ila ilikuwa nzito mno kwa vyuma vidogo vya ndani.

"Kwa hiyo hakuna mafuta mamoja yanayotosha," fundi alisema, kidogo kwa huzuni.

"Yapo," alisema yeye. "Ila inabidi ujue pa kuyaweka." Akamweleza. Ndani, kwenye springi na pini, tone la mafuta mepesi, kisha ufute kama umekosea kulitia. Kwenye reli, pale ambapo sehemu ya juu ya bastola hurudi nyuma kila risasi inapotoka, chuma husugua chuma. Hapo unapaka grisi kidogo wakati wa mvua, na wakati wa vumbi unarudi kwenye mepesi, lakini unayapaka mara kwa mara. Mahali pa risasi hupaki kitu, maana risasi ikinywa mafuta, baruti yake hulala. "Na mafuta yanayokauka," alimalizia, "hayo si mafuta. Hiyo ni gundi yenye subira."

Walioana kabla misumari haijatupwa.

Nyumbani alimwita mkewe Afande, naye akaitwa Fundi, na majina hayo yakawa ya mapenzi kiasi kwamba majirani wengi hawakujua mengine. "Afande, chakula tayari." "Fundi, pumzika, umepewa likizo." Walipata mtoto mmoja wa kike aliyejifunza kuhesabu kwa bobini za uzi. Alikua, akasoma, akapata kazi mji mwingine, akaolewa huko.

Afande alilishika ghala lile miaka mingi. Kilikuwa chumba cha chini chenye dirisha moja dogo la nondo, meza ndefu iliyofunikwa zulia kuukuu, na rafu za bastola zilizolazwa kwa safu. Askari walipokuja kuchukua silaha walisimama upande wa pili wa dirisha la mbao kama watoto wanaosubiri uji. Hakumpa mtu bastola bila kuivuta kwanza sikioni, nyuma na mbele, akisikiliza. Aliyerudisha chafu alisikia yake. "Mama yako alikufundisha kuoga, ama nianze mimi?" Walimcheka nje, si mbele yake, na kila mmoja alilala vizuri akijua ni nani aliyeishika bastola yake.

Mafuta ya serikali yalikuja kwa msimu, mara yapo, mara hayapo. Kwa hiyo kila baada ya muda Afande alipita dukani kwa mumewe, akaingia nyuma ya meza bila kuuliza, akajichotea kwenye rafu kama mtu aendaye kabatini kwake.

Alipovuka umri wa miaka hamsini, maneno yalianza kumkimbia. Mwanzoni yalikuwa madogo. Yeye aliyekuwa na jina la kila springi na kila pini alianza kusema "kile kidude." Fundi alicheka naye. Kisha kofia yake ya kazi ikaonekana ndani ya sufuria. Wakacheka tena, ila kicheko cha pili kilikuwa kifupi. Dada yake mkubwa, mjane aliyeishi mtaa wa jirani na asiyejua kuficha neno, alisema, "Mdogo wangu, siku moja utajisahau sokoni, urudi na mwili wa mtu mwingine."

Kisha jioni moja hakurudi. Fundi alikuwa amekwisha kusimama mlangoni mara kadhaa alipomwona analetwa na mwanamke asiyemfahamu. Alikuwa amekwenda kwenye kile chumba walichopanga siku za mwanzo za ndoa, akabisha hodi, na alipofunguliwa akawauliza wenye nyumba wanafanya nini kitandani kwake.

"Ni kazi nyingi," Fundi alimwambia yule mwanamke, akimshukuru. "Hajapumzika siku nyingi." Akajiambia hivyo hivyo, akajiamini. Moyo unaopenda haukosi kisingizio. Ukikosa, hushona.

Ijumaa moja Afande alipita dukani kuchukua mafuta na hakumkuta mumewe, aliyekuwa ametoka kununua sindano. Mshona viatu alimwona akiingia na akitoka, akamsalimia, na hakuona la ajabu.

Jumanne iliyofuata Fundi alitaka kung'arisha meza ya cherehani ya mteja. Kwa kazi hiyo alikuwa na chupa ya mafuta ya mbao: mazito, ya manjano, yenye harufu ya mbegu na rangi. Ukiyapaka kwenye mbao, baada ya siku chache yanakauka na kuwa gamba gumu linalong'aa. Aliinua chupa, ikawa nyepesi mkononi. Akaigeuza. Hapakuwa na kitu. Kando yake, chupa kubwa ya mafuta ya cherehani ilikuwa imejaa kama alivyoiacha.

Alikaa juu ya kigoda. Mshona viatu alichungulia.

"Fundi, umepata habari mbaya?"

"Nimeishiwa mafuta tu."

"Ah, mafuta yananunuliwa."

"Ndiyo," alisema Fundi. "Yananunuliwa."

Alifika nyumbani akamkuta mkewe anamenya viazi huku akiimba kwa pua. Alivua viatu, akakaa karibu naye, akachukua kisu cha pili.

"Afande, Ijumaa ulichukua mafuta dukani?"

"Nilichukua."

"Ulichukua chupa gani?"

"Ile ile. Tangu lini unanihoji?"

"Chupa ya mafuta ya mbao iko tupu."

Aliacha kumenya. "Mimi nipake bastola mafuta ya mbao? Mimi?" Akacheka. "Fundi, uzee umekupigia hodi, nawe umefungua."

Hakucheka naye. Taratibu kicheko cha Afande kikamwisha. Aliinuka, akaenda kwenye msumari wa nyuma ya mlango lilipotundikwa shati lake la kazi, akaivuta mikono ya shati puani. Alinusa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha tena wa kulia. Alipogeuka alikuwa na uso ambao mumewe hakuwahi kuuona, uso wa mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta vitu vimehamishwa.

"Ni ngapi?" Fundi aliuliza.

"Zote." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilizipaka zote. Nilifurahi kwamba kazi imekwisha mapema."

Wakakaa. Kiazi kilichomenywa kikaanza kubadilika rangi juu ya meza.

"Usimwambie mtu," alisema hatimaye, akamshika mkono. "Kesho naingia alfajiri. Nazifungua zote, naziosha kwa mafuta ya taa, napaka upya. Ni kosa la siku moja, Fundi. Nimebakiza kidogo nistaafu. Usiwaache wanitoe kwa mlango wa nyuma."

Naye akakubali. Angesemaje? Alimtilia mwenyewe mafuta ya cherehani katika chupa safi, akaifunga kwa kizibo na uzi, akaiweka katika mkoba wake.

Kesho yake Afande alirudi jioni amechangamka, akasimulia kisa cha mlevi aliyeomba kulala mahabusu kwa sababu mkewe amemfungia mlango. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umezisafisha?"

"Nini?"

"Bastola."

"Bastola zangu ni safi siku zote," alisema, akakunja uso. "Unanitukana nyumbani kwangu?"

Alipoingia kuoga, Fundi alifungua mkoba. Chupa ilikuwamo, imejaa, uzi umefungwa vile vile kwa fundo lake.

Asubuhi hakufungua duka. Alikwenda mpaka kituoni, akapita mbele ya lango kama mwenye safari nyingine, akafika kwa muuza magazeti, akarudi, akapita tena. Alijiambia kwamba anaweza kumwendea Koplo Mrefu, msaidizi wa mkewe, wakazisafisha wawili kimya kimya. Lakini wiki ijayo je? Na mwezi ujao? Langoni alisimama askari kijana wa kike, mshipi mpya kiunoni, bastola katika ala. Alimwona yule mzee anayerandaranda, akamtambua.

"Shikamoo, baba. Umemfuata Mama? Yuko ndani."

"Marahaba, mwanangu," alisema Fundi, na macho yake yakawa juu ya ile ala. Ndani ya ngozi ile kulikuwa na chuma alichokipaka mkewe Ijumaa. Binti huyu angeweza leo hii kukutana na mtu mwenye nia mbaya, akaichomoa akitegemea kazi ya Mama, na Mama alikuwa amempa gundi. Fundi aliuliza ofisi ya mkuu wa kituo iko wapi, kana kwamba hakuijua.

Mkuu alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mafua ya kudumu. Alimpa kiti.

"Mkuu, nimekuja kumshitaki mke wangu," Fundi alisema, "lakini hajafanya kosa."

"Amekupiga?"

"Laiti angenipiga."

Akaeleza. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, akirudi kwenye sufuria na kofia, akitazama mikono yake. Mkuu hakumkatiza. Alipomaliza, mkuu alimwita Koplo Mrefu, akamwambia aifungue bastola yake, atoe risasi zote, aiweke mezani. Koplo alifanya hivyo akiwatazama wote wawili bila kuelewa. Mkuu akaishika, akavuta sehemu ya juu. Ilikwenda kidogo, ikasimama katikati, kama mlango uliovimba kwa mvua. Alivuta kwa nguvu. Ikatoa sauti ya kubanduka. Akaileta puani, na hata kwa mafua yale aliisikia.

"Kusanya zote," alimwambia Koplo. "Sasa hivi, hata zilizo langoni. Na umwite Mama. Kwa adabu."

Afande aliingia, akapiga saluti, kisha akamwona mumewe kitini.

"Fundi? Kuna nini nyumbani? Mtoto ana nini?"

"Mtoto hajambo," alisema.

Mkuu alizungumza naye kama mtu azungumzavyo na dada yake mkubwa. Alimwambia amechoka, ana haki ya kupumzika, daktari atamwona, jina lake halitachafuka. Hakutaja mafuta mpaka alipolazimika, na alipoyataja aliisogeza bastola mbele yake juu ya meza. Afande aliichukua. Akaivuta sikioni, kama alivyozivuta zote maisha yake yote, akasikiliza ile sauti ya kunata. Koplo alikuwa anatazama dari, machozi yakimtoka waziwazi, mtu mzima yule.

Afande alifungua kifungo cha mfuko, akatoa funguo, akaziweka kando ya bastola.

"Ghala ni salama, afande," alimwambia mkuu. "Hesabu imetimia."

Akageuka. Alipompita mumewe hakumtazama. Alisema tu, kwa sauti ya chini ambayo wengine hawakuisikia, "Nilikuomba."

Basi, zikasafishwa zote, na hapakuwa na aliyedhurika, wala habari hiyo haikutoka nje ya lango lile. Walimpa cheti na saa ya ukutani. Lakini nyumbani Afande alinyamaza. Alipika, alifua, alitandika kitanda, na neno hakusema kwa mumewe. Akitaka chumvi alimwambia dada yake, na dada alimwambia Fundi, hata wakiwa wote watatu kwenye meza moja. Dada mtu naye alikuwa na la kwake. Siku moja alimsubiri Fundi uani.

"Shemeji, hata adui humngoja mtu astaafu."

"Bastola zingemfia mtu mkononi, shemeji."

"Wewe ulikuwa mumewe. Kazi ya kumshitaki ilikuwa ya watu wengine." Akaingia ndani, akavuta mlango.

Daktari aliwaambia kwamba ni ugonjwa wa ubongo, kwamba hautokani na harufu za mafuta wala na kazi nyingi wala na mtu yeyote, na kwamba dawa zilizopo ni za kuuchelewesha tu. Fundi aliuliza maswali mengi. Afande aliuliza moja: "Nitakuwa mzigo lini?" Daktari akaandika dawa.

Miezi ikapita kwa ukimya ule. Kisha asubuhi moja, Fundi akiwa anavaa, alimsikia anamwita kutoka chumbani.

"Fundi! Hebu njoo unifunge hivi vifungo vya mgongoni. Aliyeshona gauni hili alikuwa na ugomvi na wanawake."

Alisimama hapo alipo na soksi moja mguuni. Aliingia, akamfunga vifungo. Mkewe alikuwa akicheka, akamgusa shavu, akamuuliza kwa nini hajanyoa. Furaha ilimpanda Fundi mpaka kooni. Amenisamehe, alijiambia. Alipomaliza kifungo cha juu ndipo alipoelewa. Hakuwa amesamehe. Alikuwa amesahau. Kosa limekwenda na hasira imekwenda nalo, na sasa katika nyumba ile alibaki mtu mmoja tu wa kulikumbuka. Hangeweza tena kumwomba radhi, maana angemwambia radhi ya nini?

Alihamishia meza yake ya kazi barazani kwao, awe karibu. Wateja walimfuata, wengine hawakufuata. Alijifunza kusuka nywele, akasuka vibaya, binti yao alipokuja likizo akazifumua zote akilia na kucheka. Alitaka kumchukua mama yake. Fundi alikubali amchukue kwa muda. Ila Afande alipofika huko alikaa karibu na mlango na mkoba magotini, kila siku, akiuliza zamu yake inakwisha saa ngapi. Wakamrudisha.

Siku moja Koplo Mrefu alikuja kuwasalimia. Sasa yeye ndiye aliyeshika ghala. Alikaa barazani akishika kofia yake, hajui amtazame nani. Afande alikuwa kitini amefunikwa khanga miguuni, na Fundi alikuwa kando yake anasafisha cherehani.

"Mama, nimekuja kukuona."

"Karibu, mwanangu. Wewe ni askari?"

"Ndiyo, Mama. Niko ghala la silaha."

"Ghala." Alilitafakari neno lile. "Mafuta mnayo?"

"Tunahangaika, Mama. Ya mwaka huu hayajafika."

Afande alisogea mbele, akashusha sauti kama anayempa siri. "Sikiliza. Yuko fundi mmoja wa cherehani, kichochoro cha nyuma ya soko. Mwendee huyo, mwambie nimekutuma mimi. Ana mafuta mazuri. Ila ana aibu, usimtazame sana. Na usimdanganye. Yule ni mtu mwaminifu."

Koplo alimtazama Fundi. Fundi alikuwa ameinama juu ya cherehani, bisibisi imesimama mkononi.

"Nitamwendea, Mama," Koplo alisema.

"Ukimwona," alisema Afande, na akasita, akitafuta, paji la uso limekunjamana, "ukimwona mwambie..." Lakini lililofuata halikuja. Akarudi nyuma kitini, akaanza kukunja pindo la khanga, kisha akamgeukia mtu aliyekaa kando yake, kwa adabu, kama tumgeukiavyo abiria mwenzetu. "Samahani kaka, umengoja sana?"

"Si sana," alisema Fundi.

Afande alifariki mwaka uliofuata, wakati wa mvua, kwa homa ya mapafu ya siku chache. Alikuwa amekwisha kuwa mwepesi hata Fundi alimwinua peke yake. Askari walikuja wengi, wengine wastaafu wenye fimbo, na yule binti wa langoni ambaye sasa alikuwa na cheo begani. Mkuu wa kituo, aliyehamishwa siku nyingi, alisafiri kuja na mafua yake. Walimbeba wao, hawakukubali mtu mwingine amguse.

Watu walipotawanyika, Fundi alibaki uani kati ya viti vya kuazima. Mvua ilikuwa imepungua ikabaki ya rasharasha. Dada wa marehemu, ambaye tangu siku ile ya uani hakuwahi kukaa naye bila mtu wa tatu, alitoka jikoni akijifuta mikono. Alivuta kiti, akakaa kando yake. Wakatazama matope yaliyokanyagwakanyagwa.

"Shemeji," alisema, "ningekuwa mimi, nisingeweza."

Hakusema ni nini asingeweza, kule kwenda kituoni au miaka iliyofuata, na Fundi hakumuuliza. Aliitikia kwa kichwa. Kisha wakainuka wote wawili wakaanza kukusanya viti, maana aliyewaazima alikuwa amesema atavihitaji kabla ya jioni.